Mama wa Mkalimani

3 Februari

Kasuku wangu,

Barua yako imefika na bahasha yake yenye nembo ya wizara, nami sikuifungua nyumbani. Niliibeba mpaka kazini nikaifungulia mbele ya boila, pale ambapo kila anayekuja kuchukua mashuka ya hospitali lazima apite. Usinicheke. Kwani mtu akizaa mtoto mzuri humfunika uso? Mimi nimeishia darasa la tano, mwandiko wangu kama kuku amepita, lakini nimemzaa mtu anayezungumza lugha nne, moja kati ya hizo hata wenyewe wanaizungumza kwa kukohoa.

Sasa chumba kizima cha kufulia kinajua kwamba waziri hawezi kumwambia mgeni hata "karibu kiti" bila wewe. Mke wa fundi saa, jirani yetu yule ambaye mumewe anatengeneza saa za mji mzima na yeye hajawahi kufika kazini kwa wakati, akaniuliza, "Kwani yeye ndiye anayeamua?" Nikamjibu, "Dada, neno lisipopita kinywani mwa mwanangu halifiki popote. Sasa mkubwa nani, mwenye neno au mwenye mlango?" Akaendelea kukunja foronya.

Mdogo wako Kitinda anakusalimu. Karakana ya reli wanamsifu kwa kuchomelea, na amerefuka mpaka suruali zote zimevikimbia vifundo. Watu hapa wanasema vita ya huko mbali itatufikia. Nawaambia walale, yuko wa kwetu ndani. Lakini wewe niambie ukweli, je, itakuja? Niambie mimi tu. Sitamwambia mtu.

Ni mimi,
Mama wa Mkalimani


20 Februari

Shikamoo Mama,

Nakuomba, barua zangu usizifungulie mbele ya boila. Kazi yangu si hiyo unayoisimulia. Nakaa kwenye kiti kidogo nyuma ya bega la waziri, na picha zikipigwa nasogezwa. Tena tuna sheria yetu: anayezungumza akisema "mimi nataka," mkalimani hasemi "anasema kwamba anataka." Anasema "mimi nataka," kama ni yeye. Juzi nilikuwa balozi wa miaka sabini analalamika magoti, halafu papo hapo nikawa waziri wetu anampa pole. Nimejipa pole mwenyewe mbele za watu, na hakuna aliyecheka.

Kuhusu vita, nakuandikia yaliyomo gazetini tu. Sisi tulimwahidi jirani yetu wa kaskazini kwamba akipigwa tumepigwa. Jirani naye alikwisha kuliahidi hivyo hivyo taifa kubwa la ng'ambo. Hilo taifa kubwa ndilo linalopigana sasa, na limeanza kukumbusha watu ahadi zao. Zaidi ya hapo siruhusiwi.

Ila Mama, mwambie Kitinda asitoke karakana ya reli. Hata wakimfukuza mlangoni, arudi kupitia dirishani. Mwambie nimesema mimi. Usiniulize kwa nini.

Binti yako,
Kasuku


11 Machi

Kasuku wangu,

Hukutaka kuniambia, nimeyasikia kwenye kipaza sauti cha stesheni kama mtu baki. Tumeingia vitani! Watu wamerusha kofia, mwenye mkate ameubusu mkokoteni wake, mimi nimelia bila kujua nalia nini.

Nimeifikiria ile hesabu yako ya ahadi nikaielewa vizuri. Ni ugomvi wa bombani. Watoto wawili wanagombania ndoo, mama zao wanaingia, waume wanaingia, halafu wanakuja mashemeji kutoka mtaa wa nne, hawajui hata ndoo ilikuwa ya nani, na hao ndio wanaotoana meno. Ukigeuka, wale watoto wawili wanacheza pamoja. Sivyo? Ungeniita mimi wizarani ningewaeleza bure.

Sasa shika moyo wa furaha: Kitinda amejiandikisha jeshini. Nilimsomea maneno yako neno kwa neno. Akasema, "Mama, dada anakaa na watu walioahidi. Mimi nijifiche chini ya behewa, watoto wa wenzetu wakailipe ahadi yake?" Nimeipiga pasi sare yake mara mbili, mstari wa suruali unakata kidole. Kijana wa mke wa fundi saa alikuwa anasitasita. Alipomwona wetu kwenye foleni, naye akaingia. Mama yake kanitazama jicho la nikwambie nini. Wivu tu.

Najua ulitaka abaki karakana. Nimekuelewa. Dada mkubwa huwa haoni kwamba mdogo amekua. Ungemwona siku ile, ungeona.

Mama wa Mkalimani na wa Askari


2 Aprili

Mama,

Sikuwa na neno na kukua kwake. Wanaochomelea reli hawapelekwi mstari wa mbele. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kuwapa, na hata hilo sikuruhusiwa kulitamka.

Mwandikie leo. Aombe kurudishwa kwenye ufundi.

Kasuku


27 Oktoba

Kasuku wangu,

Barua zangu mbili hukuzijibu, au wamezila njiani. Narudia.

Kitinda aliomba kurudi kwenye ufundi. Sajini akamuuliza mbele ya wenzake, "Ni dada yako wa wizarani amekutuma?" Maana wote wanamjua dada yake, nani hajui? Mtoto akaona haya, akasema hapana, akalifuta lile ombi. Ndiyo heshima yake, siwezi kumlaumu.

Vita iko kwetu sasa. Daraja la reli tumenyang'anywa, tukalirudisha, tukanyang'anywa tena, leo ni letu. Na Kitinda yuko hapo hapo darajani. Unaikumbuka barabara yetu, unatoka mlangoni, unapita duka la saa, unaliona lile daraja. Mwanangu yuko mwisho wa barabara yangu na hawezi kuja kunywa chai. Nikitoka kumwaga maji naangalia huko. Naona moshi, naona magunia ya mchanga, yeye simwoni, lakini nanyoosha mkono hivyo hivyo.

Boila halizimwi. Mashuka tunayachovya mara tatu na maji bado yanatoka na rangi ya kutu. Mke wa fundi saa hazungumzi nami sana, tunakamua shuka moja, yeye ncha hii mimi ncha ile, tunatazamana tu. Lakini maofisa wakipita wananiuliza, "Wewe ndiye mama wa yule binti?" Nasema ndimi. Wananiachia nusu mche wa sabuni. Kwa hiyo usidhani umesahaulika huku.

Mama wa Mkalimani


14 Januari

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka hotelini, katika nchi isiyopigana. Nafanya nini hapa siwezi kusema, na wewe najua utakisia, na ukishakisia naomba ukae nayo kifuani. Zulia la hapa linameza viatu. Mezani kuna maua yanabadilishwa kila asubuhi na mtu asiyemtazama mtu usoni.

Mama, njoo ukae nami mji mkuu. Nimepata chumba chenye vitanda viwili. Usije kama mtu anayekuja kutembea. Lete picha ya marehemu baba, lete hati ya nyumba, lete cherehani. Lete hata vile unavyodhani huvihitaji. Kitinda atakuja kukukuta huko huko akipewa likizo.

Usichelewe. Nakusihi.

Kasuku


9 Februari

Binti yangu,

Kitinda hayupo tena.

Ilikuwa Jumanne. Walimwingiza wodi ya juu asubuhi, sisi tuko chini. Mchana mashuka ya wodi ya juu yakashushwa kama siku zote, nikayapokea, nikayachovya, nikayasugua, nikamwambia mke wa fundi saa, "Huyu wa leo alikuwa na damu nyingi, maskini, mama yake." Jioni ndipo akaja muuguzi kuniita.

Nimemzika upande wetu wa mto, pale daraja linapoanza, palipo na nyasi. Kijana wa mke wa fundi saa alikwenda siku mbili kabla yake, wako bega kwa bega. Ofisa mmoja aliniinamia akasema, "Mama, daraja hili ni letu kwa sababu ya huyu." Nimelishika neno hilo. Sina kingine cha kushika.

Unaniambia nije mji mkuu. Huyu nimwachie nani?

Huku wanasema mko kwenye mazungumzo ya amani. Vizuri. Mimi sijawahi kukuomba kitu, hata ulipoanza kupokea mshahara sikukuomba kanga. Leo naomba. Umo humo ndani. Wasilitoe daraja. Wape kingine chochote, wape hata bahari, lakini mji huu wauache kwetu. Waambie. Umo humo.

Mama yako


21 Februari

Mama yangu,

Barua yako nimeisomea chooni. Ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kumkalimania. Nimelia huko, nimenawa, nimerudi kwenye kiti changu, na mtu wa upande wa pili alikuwa anasimulia uzuri wa bustani zao, nami nikasema kwa sauti safi kabisa, "Bustani zangu zimechanua mapema mwaka huu." Mdogo wangu hata mwezi hana ardhini.

La daraja siwezi kulijibu kwa barua. Mimi si mtu wa kuwaambia, Mama. Nimekueleza toka mwanzo nakaa wapi.

Tarehe sita Machi kutakuwa na hotuba redioni. Nitasikika. Nakuomba usisikilize. Na kama lazima usikilize, usisikilize na watu. Ila ni bora siku hiyo uwe tayari uko kwangu.

Kasuku


8 Machi

Wewe,

Nilidhani ni haya zako. Toka utotoni ukisifiwa unajificha nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, ameshalisema lile neno letu, wamemsikiliza, hataki tu kujigamba, basi nitajigamba mimi kwa niaba yake.

Nikawaita. Mimi mwenyewe nimepita mlango kwa mlango, na matanga hayajapoa: njooni mumsikie, anatuletea daraja letu. Nikaazima viti kwa mwenye mkate. Redio nikaiweka juu ya cherehani, nikaitandikia kitambaa. Wakajaa mpaka ukumbini. Mke wa fundi saa nikamketisha mbele, karibu nami, maana nilisema huyu leo atapata kitulizo.

Kwanza akasikika waziri. Wetu, tuliyemchagua. Akasema kwa lugha ya wale wakubwa wa ng'ambo! Mwenye mkate akauliza, "Huyu ni wetu au wao?" Nikamwambia, "Ngoja, anakuja mwenyewe."

Ukaja. Nilikujua kwa kuvuta pumzi tu. "Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na amani mkononi." Watu wakapiga makofi. Wakanipiga mgongoni. Nikawaambia, "Nyamazeni tumsikie mwanangu!"

Ukasema, "Kwa ajili ya amani hiyo, nakubali tuondoke katika ukingo wa kusini wa mto." Halafu ukanyamaza. Watu wakatazamana, kila mtu anajiuliza, kusini ni kwetu? Ukasema, "Pamoja na mji ulio kwenye daraja la reli. Nimeridhika. Nawakabidhi bila kinyongo."

Bila kinyongo. Kwa sauti ile ile uliyokuwa ukinisomea magazeti nikipiga pasi.

Hakuna aliyeinuka. Ingekuwa nafuu wangeinuka wanitukane. Mke wa fundi saa akanigeukia, wala hakupaza sauti. "Si ulisema neno halifiki bila kupita kwake? Limepita." Ndipo akainuka, na wengine nyuma yake, kila mtu amebeba kiti chake kukirudisha kwa mwenyewe, hata nilipotaka kusaidia hawakunipa nivishike.

Nijibu. Nataka kusikia wewe ulisema nini pale mezani. Barua yangu uliipata. Ulisema nini?


15 Machi

Mama,

Sikusema kitu. Hapakuwa na mahali pa kukisemea.

Nilijua toka Januari. Siku niliyokuandikia ulete cherehani, ramani ilikuwa mezani na mstari umeshachorwa. Hawakuuchora waziri wetu wala waziri wao. Waliuchora wakubwa wa ng'ambo, yule ambaye ahadi zilitufunga kwake sisi, na yule ambaye ahadi ziliwafunga kwake maadui zetu. Walipeana bandari moja huko mbali, na ili mizani ikae sawa, mji wetu ukaongezwa upande wa pili. Ulikuwa wa kusawazishia, Mama. Sisi na maadui zetu tulikaa upande mmoja wa chumba tukisubiri kuitwa, na waziri wao alimwazima wetu kiberiti. Jirani wa kaskazini, yule tuliyeingia vitani kwa ajili yake, alikuwa ameshapatana na maadui toka Desemba. Hakutuambia. Ukisema ugomvi wa bombani, ndio huo huo.

Waziri alisoma kwa lugha yao ili wampigie makofi pale pale ukumbini. Kazi ya kuwaambia ninyi ikaachwa kwangu. Yote uliyoyasikia yalikuwa maneno yake. "Mimi" ilikuwa yake. "Bila kinyongo" ilikuwa yake. Nilipofika kwenye mji wetu ulimi ulikataa, huo ndio ukimya mliousikia. Waziri akageuka akanitazama. Nikasema.

Ningekataa wangeleta mkalimani mwingine, alikuwa amekaa tayari nje ya mlango. Mji ungetoka vile vile, kwa sauti ya mtu mwingine.

Sikukwambia kwa sababu ningekuwa nimeapa bure kutunza siri za kazi, na kwa sababu niliogopa ungewaambia watu. Nalo hilo la pili ndilo kubwa, nisikufiche.

Mwisho wa mwezi huu mpaka unafungwa. Anayetaka kubaki raia wetu lazima avuke kabla. Nitakuja kukupokea upande wa kaskazini wa daraja, siku utakayosema. Kitinda tutamwombea kibali cha kumzuru. Mkataba umetaja vibali, nimekikalimani kifungu hicho mwenyewe. Tafadhali Mama. Nimebaki na wewe tu.

Kasuku


29 Machi

Mwanangu,

Sivuki.

Kwanza nikujibu lile la sauti. Unasema mji ungetoka vile vile, kwa sauti ya mtu mwingine. Basi ungeuacha utoke kwa sauti ya mtu mwingine. Ningekaa na majirani zangu tukalia pamoja kama watu. Nilikuwa nakuomba daraja, kumbe hata hilo dogo lilikushinda.

Na ujue yaliyonipata. Toka siku ya redio hakuna aliyeniitikia salamu. Nikifika bombani ndoo yangu inasogezwa nyuma, nikisogea inasogezwa tena, mpaka maji yanakatika. Kazini shuka la kukamua nalishika ncha zote mbili mwenyewe. Askari wa upande wa pili wameshaingia, watoto watupu, mmoja ana chunusi usoni, wameleta mashuka yao na damu ni ile ile. Hao wananisalimia kwa ishara. Fikiria, waliomuua mwanangu wananisalimia, na waliomzika pamoja nami hawanisalimii.

Jana mke wa fundi saa amekuja. Akaketi kwenye kiti cha marehemu baba yako bila kukaribishwa.

Akasema, "Tumekaa, tumezungumza. Wewe umezika, na mimi nimezika, na wetu wamelala pamoja. Hatuwezi kusukumana bombani mpaka kufa, na hawa wageni wanatutazama."

Nikamwambia, "Dada, hilo ndilo ninaloliomba."

"Utarudi kwenye boila, tutakamua pamoja. Ukiugua tutakuja. Ukifa tutakuosha. Lakini yule wa redioni hatumjui, na wewe humjui. Jina lake halitajwi, barua yake haifunguliwi, na yeye mwenyewe hakanyagi hapa, hata kwa kibali."

"Ni mwanangu, mke wa fundi saa."

"Najua. Na mimi nilikuwa na mwana."

"Na nikikataa?"

"Hatukufukuzi. Utakwenda makaburini peke yako, basi."

Akawa anangoja. Alikuwa amechoka kama mimi, macho mekundu kwa mvuke wa boila. Nikasema, nakubali. Akanishika mkono, tukakaa hivyo, na leo asubuhi bombani ndoo yangu imeachiwa nafasi yake.

Nilikuwa nadhani wanaotoa miji wana mioyo ya chuma, au wanachukia. Kumbe sivyo. Linasemwa upesi tu, mtu umechoka na mwenzako anangoja jibu, na unatoa kile ambacho hakimo chumbani kujitetea.

Posta ya upande wenu inaondoka na mfuko wa mwisho mchana huu, ndiyo maana mwandiko umezidi kuparua. Usijibu, maana sitafungua. Darajani usije kunisubiri. Ukija nitakuona kutoka mlangoni kwangu, na sitanyoosha mkono. Kula vizuri. Usikonde.

Mama wa Kitinda